Bibi Sufuria Ndani ya Boksi

Jua lilikuwa linazama Mchoraji alipoingia duka la dawa kuomba mafuta ya kumpaka mtu aliyeungua.

"Ameungua na nini?" aliuliza muuza dawa, huku akishusha kopo kutoka rafu ya juu.

"Jua."

"Nani, wewe?"

"Mama."

Muuza dawa alisita. Alikuwa mtu wa mtaa uleule, na mikono ya mama huyo ndiyo iliyompokea siku alipozaliwa, kama ilivyowapokea wengi waliopita mbele ya duka lake.

"Si ulisema mama hanyanyuki kitandani? Na chumba chake kile cha nyuma, dirisha si linatazama ukuta wa jirani?"

"Haya mafuta yanafaa?"

"Yanafaa. Msalimie Mama Mkunga. Mwambie yule aliyetanguliza miguu bado anakimbia."

Akacheka kidogo. Mchoraji alishindwa kucheka. Alilipa, akatoka, na njia nzima akalibeba lile swali ambalo hakulijibu. Upande wa kushoto wa uso wa mama ulikuwa umebabuka, ngozi imepauka na kuchunika. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Na kati ya pande hizo mbili ulipita mstari ulionyooka, kana kwamba mtu ameupiga kwa rula.

Jua gani huchoma nusu ya uso wa mtu aliyelala gizani?

Sharti turudi nyuma kidogo, mahali ambapo Mchoraji mwenyewe hakupenda kurudi.

Palikuwa na jukwaa la mtandaoni la watu wapendao visanamu. Havikuwa vya watoto. Vilikuwa vya watu wazima, vidogo kiasi cha kusimama kiganjani, vikitengenezwa kwa idadi ndogo na kuandikwa namba chini ya unyayo. Kila msimu wanachama walishindanisha michoro. Kila aliyetaka alituma wake, jamii nzima ikapiga kura, na mchoro ulioshinda ukapelekwa karakana: ukafanyiwa kalibu, ukamiminwa, ukapakwa rangi kwa mkono, ukauzwa. Kisha kalibu ikavunjwa, kisipatikane kingine tena. Mchoraji alikuwa ametuma michoro misimu mingi. Samaki wenye mabawa. Mwezi wenye magoti. Hakuna aliyegeuza shingo.

Jioni ya mwisho ya kupokea michoro, alipokuwa ameinamia karatasi tupu, mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka, mama akatoka.

Kichwani alikuwa amevaa sufuria. Miaka yote ya kazi alivaa kofia nyeupe ya wakunga, na akili ilipoanza kumhama, mkono wake ulitafuta kofia ile ukakutana na sufuria. Gauni alilivaa nyuma mbele. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, wa pili mtupu. Kifuani alikumbatia mto aliouviringisha shuka kama kichanga.

"Analia," alinong'ona. "Baba yake ameshaitwa?"

Mchoraji alicheka. Kisha akachukua kalamu.

Imesimuliwa tangu kale habari za mwana aliyemkuta baba yake amelala uchi hemani, naye badala ya kumsitiri akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Wale ndugu wakatwaa nguo, wakaitandaza mabegani, wakaenda kinyumenyume, nyuso wamezigeuza, wakamfunika mzee wao wasimwone. Mchoraji aliijua habari hiyo tangu utotoni. Aliyemfundisha ni mama huyohuyo. Lakini jioni ile hakwenda kinyumenyume. Alikaza macho, akachora hata mshono wa gauni uliokuwa nje.

Bibi Sufuria alishinda kwa kura ambazo jukwaa halijapata kuziona.

"Bibi huyu amenivunja mbavu," waliandika.

"Huo mto mimi hoi. Mnipelekee kwangu."

Mmoja aliuliza, "Dada, umemtoa wapi? Ni mtu wa kweli?"

Mchoraji alijibu upesi: "Ni wa kubuni tu. Simjui."

Hapana jogoo aliyewika. Lakini kukana ni kukana, awike jogoo asiwike, na Mbingu ilisikia.

Tangu visanamu vilipoanza kusafiri kwenda kwa wanunuzi, mama hakunyanyuka tena.

Sasa, aliporudi na kopo la mafuta, alimkuta mama mdogo, yaani mdogo wake mama aliyehamia pale kumuuguza dada yake, ameketi nje ya mlango wa chumba, leso puani.

"Mbona uko nje, mama mdogo?"

"Harufu."

"Ya nini?"

"Rangi mbichi na gundi. Nimemwogesha, nimebadili shuka, nimefua hadi pazia. Haitoki mwilini." Alishusha sauti. "Inatoka kinywani. Na katika nyumba hii ninayemjua ananuka rangi ni wewe, si dada yangu."

Mchoraji aliingia. Mama alikuwa chali, macho wazi, akitazama dari kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Mwambie anitoe dirishani," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayeongea ndani ya kikombe.

"Nani akutoe, mama?"

"Kijana wa mapazia ya kijani. Jua lake halina adabu." Akameza mate kwa shida. "Na kule kwingine kuna mtoto... ndiyo kwanza anaota meno. Msimchape. Si kosa lake."

Mama mdogo, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni, alikuja akafunua shuka miguuni. Kwenye kisigino cha ule mguu ambao siku ile ulikuwa mtupu palikuwa na alama mbili, nusu duara na nusu duara. Zilikuwa ndogo sana. Zilikuwa bado na unyevu.

Katika nyumba ile hapakuwa na mtoto.

Mchoraji alitoa simu. Wanunuzi walikuwa na desturi ya kuonyeshana picha za visanamu vyao. Alitembeza picha baada ya picha: Bibi Sufuria juu ya runinga, Bibi Sufuria kando ya maua, Bibi Sufuria mezani mwa mtu ofisini. Kisha akaiona. Mapazia ya kijani. Kingo ya dirisha. Kivuli cha fremu kilikuwa kimekata uso wa kisanamu katikati, kwa mstari ulionyooka, na shavu la kushoto lilikuwa limepauka.

Aliandika: "Tafadhali, mtoe dirishani. Sasa hivi, kama unaweza."

Jibu lilikuja haraka. "Nimemtoa, dada. Kumbe rangi yenu ya kubabaisha?"

Kitandani, mama alishusha pumzi.

"Ahaa. Kivuli."

Kopo la mafuta lilikuwa halijafunguliwa.

Mama mdogo alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Mwanangu," aliuliza polepole, "umemfanya nini dada yangu?"

Wapo waendao kwa waganga usiku, wakachonga sanamu ya adui na kuichoma sindano, nasi huwaita wachawi na kuwakimbia. Mchoraji alichonga ya mama yake kwa kalamu, mchana kweupe, na watu wakapiga makofi.

"Wa madirishani si neno," mama aliendelea. "Wananiona. Wengine hunisalimia asubuhi. Shida ni kule kwa giza."

"Giza gani, mama?"

"Kwa wasiofungua."

Mkono wake ulinyanyuka, mwembamba, ukapiga ubao wa kitanda.

Ko. Ko. Ko.

Mchoraji alielewa. Kati ya wanunuzi wako ambao hawafungui boksi kamwe. Kisanamu kilichotolewa nje hushuka thamani, na kilichofungwa hupanda kila mwaka. Huvipanga kabatini vikiwa na gundi ya kiwandani, wakavitazama kwa nje, wakafurahi. Mkubwa wao aliishi mji huohuo. Jukwaani walimwita Mhifadhi.

Kesho yake, jua la jioni likiwa limegusa mapaa, alibisha hodi kwa Mhifadhi. Mzee huyo alikuwa karani mstaafu, mpole, mwenye glavu nyeupe mikononi.

"Mshindi wangu mwenyewe. Karibu, karibu. Viatu vua, nakuomba, vumbi ni adui wa nyumba hii."

Chumba kilikuwa na rafu hadi darini na pazia zito. Boksi juu ya boksi, kila moja ndani ya mfuko angavu. Bibi Sufuria alikuwa na rafu yake, safu nzima.

"Sita," Mhifadhi alisema kwa fahari. "Wenzangu wananiita mlafi. Waache waseme, ukipenda chongo huita kengeza."

Ko.

Mhifadhi aligeuka kutazama rafu.

Ko. Ko.

"Panya," alisema Mhifadhi, upesi mno. "Nimetega mitego. Hanasi."

"Hanasi, au hayupo?"

Mzee alivua glavu moja, akaivaa tena. "Binti yangu, mimi naishi peke yangu. Nikisema ni panya, basi ni panya."

"Nimekuja kukuomba uyafungue."

"Likifunguliwa limekufa. Wewe unajua."

"Ni mama yangu," alisema Mchoraji.

Kwamba Bibi Sufuria ni mama yake, neno hilo hakuwa amelitamka mbele ya mtu yeyote tangu kura ya kwanza. Lilimtoka kama mfupa. Akasimama pale, bila viatu, akingoja kuchekwa.

Mhifadhi hakucheka. Alimtazama muda mrefu, kwa huruma ambayo ilikuwa nzito kuliko tusi.

"Nilijua ni mama wa mtu," alisema. "Mguu mmoja mtupu, mtu haubuni." Alichukua wembe mezani. "Nitayafungua. Yote. Lakini kwanza nijibu jambo. Lile namba moja, karakana walilokupa wewe kama mshindi... umelifungua?"

Ko. Ko. Ko.

Mchoraji alitazama sakafu.

Lilikuwa chini ya kitanda chake, limefungwa ndani ya sweta, likingoja bei ipande. Alikuwa amepita mji mzima akitafuta kibanzi katika jicho la mwenzake, na boriti ameilalia juu yake kila usiku.

"Basi nenda," alisema mzee kwa upole. "Ukilikata la kwako, nami nakata haya."

Alikimbia. Giza lilikuwa linaingia alipofika, na aligundua jambo kabla hajashika kitasa. Sauti ilisikika hadi barabarani. Lakini haikutoka chumba cha nyuma.

Ilitoka chumbani kwake.

Mama mdogo alitokea ukumbini, uso umekauka. "Nilidhani ni yeye. Nimemshika mikono yote miwili hadi imelala. Na bado kunagongwa."

Mchoraji alipiga magoti, akavuta sweta. Boksi lilikuwa na joto... joto la kitu kilicholaliwa. Kidirisha chake cha plastiki kilikuwa na ukungu kwa ndani, kama kioo cha chumba ambamo mtu amepumua sana.

Alikata gundi.

Haikutoka harufu ya rangi. Ilitoka harufu ya sabuni ya hospitali na poda, harufu ya mama akirudi kazini alfajiri, zamani, alipokuwa akiinama kumbusu mtoto aliyejifanya amelala.

Bibi Sufuria alikuwamo. Lakini ule mto aliochorwa ameukumbatia sasa ulikuwa umeanguka miguuni pake. Mikono yote miwili ilikuwa juu, imeelekea mbele, pale kidirisha kilipokuwa. Na kwenye vifundo vya vidole, rangi ilikuwa imelika.

Kugonga kulikoma.

Kisha, kutoka chumba cha nyuma, pumzi ndefu.

"Kinda."

Jina hilo hakuna aliyemwita tangu akili ya mama ilipoanza kutoka. Mchoraji alitwaa shuka, akalitandaza mabegani mwake, akageuka, akaingia kwa mama yake kinyumenyume, akipapasa njia kwa visigino. Alimfunika bila kumtazama. Ndipo akaanguka pale chini.

"Nilikuona, mama. Nikawaita watu."

"Najua," alisema mama. Sauti ilikuwa yake yote, ile iliyokuwa ikinyamazisha wodi. "Siku ile nilikuwa macho. Nilikuona unacheka. Nikadhani labda nimekufurahisha."

Mama mdogo aliziba mdomo kwa leso.

Mchoraji alilia hadi sauti ikamwisha, na mkono mwembamba ukaja ukatua kichwani pake, ukakaa. Anayesamehe ndiye aliyevuliwa nguo. Hilo ndilo linalochoma kuliko jua la dirishani.

"Nitengenezee kichwa," mama alisema. "Ile haikuwa kofia yangu."

Akamfunga kitambaa cheupe.

Mhifadhi alifungua yote sita jioni ileile. Wengine waliombwa na wakafungua. Wengine walijibu kwa vicheko, wakasema ni hila ya kupandisha bei ya yale yaliyobaki. Wengi hawakujibu. Nawe uliye na kabati, ukisikia kitu jua linapozama, usitege mtego. Chukua wembe.

Mama bado yu hai. Kuna siku anamjua binti yake, kuna siku hamjui. Lakini kila magharibi humuuliza swali lilelile, akiwa amefungwa kitambaa cheupe, mikono yake imetulia juu ya shuka.

"Kinda, wamebaki wengi?"

"Wachache, mama."

Mama hutikisa kichwa, kama amsikiaye mtoto asiyejua kusema uongo, na kumwonyesha ukuta kwa macho, upande wa kule kwa giza.

Ko. Ko.

Ko. Ko. Ko. Ko...