Viatu Vyote Viwili

"Vua viatu, mama. Vyote viwili."

Kliniki ya sukari ilikuwa imejaa hadi mlangoni, watu wamebanana kwenye mabenchi. Kijana aliyemleta mama yake akainama kumfungulia kamba.

"Na wewe utavua?" muuguzi akamtania.

"Mimi ni fundi viatu, dada. Nikivua utaziona soksi zangu, zimetoboka, nitakosa wateja."

Muuguzi akacheka, huku akimkagua mama katikati ya vidole. Ndivyo ulivyosema mwongozo uliobandikwa ukutani, pembe zimejikunja: kila mgonjwa, kila anapokuja, miguu yote miwili, hata kama hasikii maumivu. Sukari huitia miguu ganzi, mtu akatoboka asijue.

Basi wakapendana. Simu haikulala.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Namshonea mama viatu vya kuja kwenu kukuposa. Ngozi ya kahawia, kisigino kifupi."

"Na vyangu?"

"Vyako vyeupe. Tulia, bibi harusi."

Posa ikapita vizuri. Mama akaja tena kliniki, amevaa vile vipya, vimeng'arishwa hadi vinameta. Muuguzi, gauni limepigwa pasi, akaona haya kumvua viatu mama mkwe mbele za watu.

"Niache navyo, mwanangu. Miguu mizima."

Akampitisha.

Mama aliporudi tena, harufu ndiyo iliyotangulia kuingia. Chini ya kidole kidogo, pale mshono wa kiatu uliposugua, nyama ilikuwa nyeusi. Mguu ukakatwa, lakini sumu ilikwishaingia kwenye damu. Mama akatoka hospitali amefunikwa shuka.

Baada ya msiba fundi alikuja, amekonda, shati linampwaya.

"Wote uliwavua. Mama yangu ukamwonea haya."

"Nilitaka anipende."

"Alikupenda." Akatazama vidole vyake, vigumu kwa gundi. "Na mshono ulikuwa wangu. Nikikuona, nauona ule mguu."

"Na mimi nikikuona."

Akatoa kwenye mfuko viatu vyeupe. "Nilikuwa nimeshavimaliza."

Muuguzi akavivaa, akasimama, akapiga hatua hadi dirishani na kurudi.

"Vinabana?"

"Havibani popote."

Akaketi, akavivua vyote viwili, akavipangusa soli kwa kiganja, akamrudishia.