Apolline na Jina la Kuazima

Kila asubuhi Apolline aliteka maji bombani, akafagia kiwanja cha shangazi yake, Maman Rosalie, kisha akakimbia hadi shule ya misioni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka huo wa 1957 baba yake, Bisimwa, alikuwa amemleta Bukavu kutoka kijiji cha Miti ili asome darasa la tano mjini.

Shule aliipenda. Kilichomkosesha raha ni jina lake. Kule Miti hakuna aliyelishangaa, lakini hapa wasichana waliligeuza mchezo. "Poleni! Poleni!" waliita kila akipita, wakacheka hadi kushika mbavu. Jina lililopendwa siku hizo lilikuwa Monique. Ukiliita mara moja sokoni Kadutu, wanageuka wanne. Hata jirani yake wa dawati, binti wa Cirhuza fundi cherehani, aliitwa Monique. Huyo ndiye peke yake ambaye hakumcheka.

Siku moja muuguzi Honoré alikuja kupima damu ya wanafunzi. Wasichana walipanga mstari. Zamu ya Apolline ilipofika, alisikia wenzake wakinong'ona na kuchekea viganjani.

"Jina yako, mutoto?" aliuliza Honoré bila kuinua macho.

Apolline aliwatupia jicho wenzake. "Monique," alisema.

Honoré akaandika, akamchoma kidole, akaita mwingine.

Baada ya siku mbili orodha ilirudi. Mwalimu Adolphine aliisoma, akakunja uso. "Monique ameandikwa mara mbili. Mmoja ana malaria, mwingine ni mzima. Nafikiri muuguzi alikosea, kwa maana darasa hili lina Monique mmoja tu. Ili tusihatarishe, Monique, utameza kwinini kila asubuhi hapa mbele yangu. Na wewe Apolline, mbona sikuoni? Hukupimwa?"

"Nilipimwa, Mwalimu."

"Basi karatasi yako imepotea. Nitauliza."

Tangu saa hiyo Apolline hakutulia. Aliketi, akasimama, akaketi tena. Alianza hesabu, akazifuta kabla hajazimaliza. Mchana, jua likiwaka, baridi ilimpanda mgongoni na meno yakagongana. Nyumbani Maman Rosalie alimuuliza, "Unaumwa?" Akajibu, "Hapana, Maman, nimechoka tu." Alijua wazi kwamba malaria ilikuwa yake, ila kila alipotaka kusema, aliona kicheko cha darasa zima mbele ya macho yake.

Asubuhi ya tatu Monique alimeza vidonge, akainamia dawati. "Masikio yangu yanavuma kama kuna nyuki ndani," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akatoka mbio kwenda kutapika. Aliporudi alikuwa anayumba, akamshika Apolline bega ili asianguke.

Mkono ule ulikuwa mzito kuliko kicheko chochote. Apolline alisimama.

"Mwalimu, usimpe tena! Dawa si yake, ni yangu. Nilimdanganya muuguzi. Nilijiita Monique."

Mwalimu Adolphine hakupiga kelele. Aliwashika wote wawili mkono, akawapeleka kwa Honoré. Damu ilipimwa upya. Monique alikuwa mzima, akaachishwa dawa. Apolline ndiye aliyekuwa na malaria.

"Ungekaa kimya wiki moja tena, ningekukuta umelala bila kujitambua," alisema Honoré.

Monique alikasirika, na siku mbili hakumjibu neno. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kwa Maman Rosalie, akamkuta Apolline kitandani, naye sasa masikio yanamvuma kwa kwinini.

"Umeonja?" aliuliza Monique.

"Nimeonja. Unisamehe, ndugu yangu."

Monique akaketi kando yake.

Mwalimu Adolphine alikuwa amekuja kumwona mgonjwa, akawasikia. "Apolline, unajua jina lako lilitoka wapi?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Padri alinibatiza tu."

"Ni jina la kale sana. Wagiriki walilitoa kwenye jina la mungu wao Apolo. Baadaye alikuwa nalo mwanamke mtakatifu wa Afrika hii yetu, wa Aleksandria huko Misri. Watesi walimvunja meno ili aikane imani yake kwa maneno. Alikataa. Ndiyo maana wenye kuumwa meno humwomba hadi leo. Na Monique, yaani Mtakatifu Monika, naye alikuwa mama wa Afrika. Majina yote mawili ni mazuri, ila moja tu ni lako."

Apolline alitazama chini. "Yeye alivunjwa meno akakataa. Mimi nilichekwa tu."

"Ndiyo, na kosa hilo umeliona. Jina mtu hupewa ili anayemtafuta ampate, hata dawa impate. Ulisema uongo kwa kinywa chako, lakini aliyeumeza ni mwenzako. Mwanangu, aibu ya kusema kweli hupita upesi. Uongo hauishii kwa aliyeusema."