Nyawira Asema Ukweli Kliniki

Mwaka wa 2006 Nyawira, au Mama Shiku kwa jina la mtoto wake, alikuwa fundi wa kufuma sweta za shule pale Dagoretti Corner, Nairobi, na mdomo wake haukujua kupumzika. Asipoongea na wateja, alitafuna odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito hununua dukani. Mimba yake ya tano ilikuwa ya miezi sita. Siku hizo akipanda ngazi tano tu, alihema na kushika ukuta.

"Ni mtoto mzito," alijiambia. Haya, tuseme hivyo.

Mama mkwe wake, Cucu Wangeci, alikuwa mkunga wa kuheshimiwa mtaani Woodley. Ndiye aliyemzalisha Nyawira mtoto wa nne, nyumbani. Siku hiyo kondo la nyuma lilichelewa kutoka, na Nyawira akavuja damu hadi akazimia. Alipona, na jambo lile halikutajwa tena. Nani angethubutu kumwaibisha Cucu?

Ndiyo maana alipoulizwa kliniki alijifungua vipi mara ya mwisho, Nyawira alijibu, "Salama." Sista Kalekye, muuguzi wa pale, akaandika salama kwenye kadi.

Mwezi uliofuata Cucu alimsindikiza. Sista alimvuta kope ya chini ya jicho, akatazama.

"Mama Shiku, hapa pamekuwa peupe. Damu yako imepungua. Unakula mawe?"

"Kidogo tu, Sista."

"Hebu nione hicho kidogo."

Nyawira akatoa mfuko wa nusu kilo. Sista alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Hamu ya mawe mara nyingi huja damu ikipungua. Nayo mawe hayaongezi damu. Mama mwenye damu kidogo akivuja wakati wa kuzaa, anaweza kufa haraka. Aliyezaa mara nyingi yuko hatarini. Aliyewahi kuvuja sana, hatari yake ni kubwa zaidi. Wewe uliwahi kuvuja?"

Nyawira alitazama sakafu. Aliwafikiria watoto wake wanne, akaogopa. Kisha akamtupia Cucu jicho la aibu.

"Mwambie," Cucu alisema.

"Aki Cucu, mimi..."

"Basi mwambie ukweli, nami nipo hapa hapa. Mficha uchi hazai."

Nyawira akavuta pumzi. "Nilivuja hadi nikazimia, Sista. Kondo lilikataa kutoka."

"Mikononi mwangu," Cucu akaongeza. "Niliogopa sana siku hiyo. Andika."

Sista akaandika kwa wino mwekundu: azalie hospitali yenye damu ya kuongezwa. Akampa vidonge vya kuongeza damu, ameze kila siku, lakini si kwa chai. Ale maharagwe, mboga za terere, machungwa, na nyama akiipata. Mawe, basi. Mumewe, Mbuthia, alipanga mapema na jirani mwenye teksi.

Uchungu ulimshika alfajiri moja, wakaenda moja kwa moja hospitalini. Mtoto wa kike alizaliwa saa nne asubuhi. Kisha damu ikaanza kumwagika kama mara ile. Lakini wauguzi walikuwa wameisoma kadi. Sindano ya kuzuia damu ilikuwa tayari, na chupa ya damu pia. Baada ya muda damu ikakoma.

Mchana Nyawira alikuwa ameketi kitandani, akilalamika kwamba uji hauna sukari. Cucu alimsikia akilalamika hivyo, akamshukuru Mungu.

Wajawazito wa Woodley bado humjia Cucu. Huwauliza walijifungua vipi mara iliyopita. Wakisema "salama", huwauliza tena. Kisha huvaa viatu na kuwapeleka kliniki mwenyewe.