Mifuko Ishirini ya Mchanga

Kila siku baada ya masomo, Sumaya alishuka ufukweni mwa ziwa, mjini Baraka, akahesabu makoti ya kuelea ya boti ya baba yake na kuyaanika juani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa safi, baba yake, Papa Yunusu, alimkabidhi pia daftari la boti.

Boti hiyo ilivusha abiria na mihogo hadi vijiji vya Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Miezi miwili nyuma, mota yake ya zamani ilizimika katikati ya maji, na abiria wakapiga kasia mchana kutwa. Ndani alikuwamo nyanya wa msichana jirani yao, Solange; bibi huyo alikuwa mgonjwa, akipelekwa hospitalini. Hakufika akiwa hai. Tangu siku hiyo Papa Yunusu alikuwa mtu wa maneno machache.

Sasa mota nyingine ilikuwa imenunuliwa, na mfanyabiashara aliwaachia helisi mbili wachague moja. Helisi ni yale mabapa matatu ya chuma yanayozunguka majini na kuisukuma boti. Moja ilichongwa namba tisa, nyingine kumi na tatu. Namba kubwa huipeleka boti mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini huidai mota nguvu nyingi zaidi.

Kabla ya kupanda mlimani kwenda mjini Fizi kushughulikia hati za boti, Papa Yunusu alimwagiza Iddy, kaka yake Sumaya aliyekuwa dereva wa boti, ajaribu helisi zote mbili akiwa na mifuko ishirini ya mchanga. Sumaya angepima muda wa kwenda mwambani, kwenye jiwe kubwa lililochomoza majini, na kurudi. Wenye boti wa pale walikuwa na desturi hiyo: mota mpya haikubeba watu kabla ya kubeba mchanga.

Jua lilikuwa kali. Baada ya kujaza mifuko mitatu, viganja vilichubuka, na Iddy akasema kwamba helisi nzuri hujulikana hata bila mchanga. Wakajaribu boti tupu. Kwa helisi ya tisa, mota ilipiga kelele nyingi na boti haikukimbia. Vijana waliokuwa wakishona nyavu wakamuuliza Iddy kama amefunga mashine ya kusaga mihogo. Kwa ile ya kumi na tatu, boti iliruka juu ya maji, na vijana wakaacha nyavu wakaitazama. Sumaya akafungua daftari. Penye neno "mzigo" akaandika: mifuko ishirini.

Kesho yake asubuhi, Papa Yunusu alirudi, akalisoma daftari polepole, kisha akafunga helisi ya kumi na tatu. Abiria wakaanza kupanda. Mama yake Solange alisimama ukingoni, maji yakimfika vifundoni, akashindwa kuendelea. Hakuwa amevuka ghuba tangu siku ya msiba.

"Panda, mama," Papa Yunusu alimwambia kwa upole. "Mota imejaribiwa na mzigo. Sumaya ameandika mwenyewe."

Mama huyo akainua mguu. Sumaya akamkimbilia baba yake.

"Papa, batu bashuke," akasema. "Hatukubeba mchanga. Niliandika uongo."

Iddy aliinamisha kichwa. Papa Yunusu alivua kofia, akawaomba abiria washuke. Wachache walinung'unika kwamba wangechelewa sokoni. Iddy na Sumaya wakaanza kujaza mifuko, na Solange, aliyekuwa amemsindikiza mama yake, akachukua sepetu bila kuombwa.

Ilipobeba mifuko ishirini, boti yenye helisi ya kumi na tatu ilijikokota, mota ikikoroma kwa shida. Papa Yunusu aliizima kabla ya kufika mwambani, akaeleza kwamba ingeungua kabla ya katikati ya ghuba. Walipofunga ile ya tisa, sauti ilitulia, pua ya boti ikainuka, nao wakaenda na kurudi salama.

Sumaya alitaka kuuchana ukurasa wa jana. Baba yake akamzuia, akamwambia apige mstari mmoja na kuandika ukweli chini yake.

"Hatuvushi boti tupu, mwanangu," alisema. "Ukiandika 'mifuko ishirini', kuna mama anayempandisha mtoto wake kwa sababu ya maneno hayo. Ukichoka, andika kwamba ulichoka. Hilo nitaweza kulirekebisha."

Sumaya akaandika. Mifuko iliposhushwa, mama yake Solange alikuwa wa kwanza kupanda.