Zamu ya Afande Liberatus

Asubuhi ile ya Juni barafu ilikuwa imefunika uwanja wote wa mbao pale Mafinga, isipokuwa lile gari. Faustina aliligusa akaurudisha mkono haraka. Chuma kilikuwa cha moto kama jiko la mkaa, na gari lenyewe halikuwa hata na injini.

Lilikuwa gari dogo la deraya, la upelelezi, lile linalotangulia mbele ya jeshi kumchungulia adui. Mumewe, Liberatus, alilinunua chakavu Mbeya akalipakia kwenye lori la magogo hadi nyumbani, kusudi watu waamini uongo wake. Maana Liberatus, mpasua mbao tangu ujana, mtu aliyewahi kukimbizwa na bata mzinga, alikuwa amewatangazia majirani kwamba alipigana vitani. Alitaka aitwe Afande. Walimwitikia usoni wakamcheka kisogoni, na Faustina alicheka kuliko wote.

Wiki hiyo gari likaanza kunuka nywele zilizoungua. Kisha likasema. Mchana, ukungu umeshuka, sauti ya kukwaruza ilitoka kwenye tundu la juu.

"Afande, njia nyeupe. Naomba amri."

Mwenye akili angetimua mbio. Liberatus alitoa kifua. "Endelea na lindo!"

"Baba Eveline, unamjibu nani?" Faustina alinong'ona.

"Askari wangu."

Tangu hapo chakula kikamkataa, akawa anakohoa masizi. Faustina akamleta Mzee Kalinga, mganga. Mzee alilizunguka gari mara moja tu, akarudi mbio.

"Humo mna jini, mwanangu. Liliachwa lindoni, linatafuta wa kulipokea zamu, nawe umeliitikia kama mkuu wake. Litakumaliza. Sema, 'Mimi si afande, mimi mpasua mbao,' litakuachia. Ila useme watu wakusikie."

Majirani walikuwa wamejaa uani. Liberatus aliwatazama.

"Sema, mume wangu," Faustina alimsihi, na safari hii hakuwa na kicheko. "Utakufa kwa ajili ya sifa?"

Pumbavu lile la mume likapanda juu ya gari, likatumbukiza miguu kwenye tundu na kunguruma: "Askari! Mimi afande wako nakuamuru, toka!"

"Ndiyo, afande," sauti ilijibu kwa furaha. "Zamu yako."

Akavutwa ndani mzima mzima, kifuniko kikajibamiza, harufu ya nywele ikawakaba watu koo, wanaume wanne wakakivamia kwa mitaimbo wasikitikise, huku ndani kitu kikiparura na kuhema na kulia kama mbuzi, hadi kifuniko kikafunguka chenyewe, akatoka Liberatus, mkavu, mnyoofu, akaruka chini, akabana visigino na kupiga saluti safi ya mtu aliyefundishwa.

Majirani wakashangilia. Faustina, aliyekuwa amesimama ubavuni mwa gari, alisikia sauti ndogo nyuma ya chuma.

"Mama Eveline, waambie. Mimi si afande. Mimi mpasua mbao tu."

Aligeuka. Mwanamume yule alikuwa ameshafika mlangoni pa nyumba, anamsubiri kwa adabu.

"Mke wangu," aliuliza, "chumba chetu ni kipi?"