Taa ya Njano kwenye Kombaini

Kila asubuhi ya msimu wa mavuno, Maren Hofferber alikuwa na kazi tatu kabla ya kifungua kinywa: kufuta vioo vya kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia ngano, kupaka grisi kwenye vyuma vinavyozunguka, na kupuliza makapi yaliyonasa karibu na injini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mashariki mwa Colorado, Marekani, mtoto wa umri huo huendesha mashine katika shamba la kwao bila mtu kushangaa. Baba yake, Curt, alipopeleka ngano ghalani mjini, Maren ndiye aliyeshika usukani.

Nyumba yao ilikuwa na tabia moja mbaya. Taa ya njano ya onyo ikiwaka kwenye skrini ya kombaini, waliigusa ikazimika, wakaendelea na kazi. Haukuwa uvivu. Kwa miaka mingi wakala wa mashine peke yake ndiye aliyekuwa na programu ya kusoma kombaini inaumwa nini, na fundi wake alifika baada ya siku tatu au nne. Ngano iliyokauka haiwezi kungoja kiasi hicho, basi wakajizoeza kutoijali taa ya njano mpaka igeuke nyekundu.

Kisha sheria ikabadilika. Bibi Arlene, mama yake Curt, alikuwa miongoni mwa wakulima waliokwenda Denver, makao makuu ya jimbo, kusema mbele ya wabunge, naye alivaa gauni lake la kanisani na hakuogopa mtu. Sasa mwenye mashine alikuwa na haki ya kupata vipuri, vitabu na programu ya kuitengeneza mwenyewe. Kompyuta yenye programu hiyo ikawekwa jikoni kwa Bibi, kando ya kopo la unga. Sheria ilikuwa mpya, lakini tabia ya nyumba ilibaki ile ile.

Alhamisi saa saba mchana taa nyekundu iliwaka na kombaini ikaanza kujikokota. Zilikuwa zimebaki ekari sitini, na upande wa magharibi wingu lilikuwa likipanda. Mwaka uliopita mvua ya mawe ililaza ngano yao kwa dakika kumi, Curt akauza nusu ya ng'ombe wake. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Bibi alileta mikate ya nyama, chai baridi na kompyuta. Akaichomeka kwenye kombaini. Skrini ilionyesha kwamba kihisi cha tangi la dawa ya kusafishia moshi hakitoi habari yoyote. Curt alikuwa nacho kingine kwenye stoo ya nyumbani, akakibadilisha, na taa nyekundu ikabaki vile vile. Basi ni waya, akasema, na waya ule ulipita mita kadhaa chini ya mabati. Akaanza kufungua bati moja baada ya jingine, akitazama wingu kila alipofungua skrubu.

Saa moja na nusu ilikuwa imepita tangu taa iwake. Bibi akaendelea kusoma kumbukumbu za mashine. Taa ya njano iliwaka mara ya kwanza Jumanne, saa tisa alasiri. Tangu hapo ilikuwa imezimwa mara kumi na nne.

"Itakuwa mimi," Curt alisema bila kugeuka. "Naizima hata sijui kama naizima."

Maren alikuwa ameshika kopo la skrubu. Jumanne saa tisa baba yake alikuwa mjini. Yeye alikuwa amekata kona kwa kurudi nyuma karibu na nguzo za kinu cha zamani cha upepo, mahali alipokatazwa, na akasikia kitu kikigonga. Alishuka, akaona mkwaruzo, akaupaka udongo. Akisema, angenyang'anywa usukani. Asiposema, baba angefungua mabati yote. Aliliweka kopo chini.

"Baba, si wewe. Niligonga kinu Jumanne. Ni hapa nyuma, kushoto, chini ya huo udongo."

Curt akaenda moja kwa moja kwenye bati lile. Nyuma yake waya ulikuwa umebanwa ukakatika. Aliuunga kwa dakika ishirini. Bibi akafuta kosa kwenye kompyuta, na injini ikarudisha nguvu zake.

Curt alivuna mpaka saa kumi na mbili jioni, mvua ya mawe ilipoanza. Ekari kumi na mbili zilizobaki zililala chini. Watatu hao walizitazama wakiwa ndani ya pikapu, mawe yakigonga paa.

"Zile kumi na mbili ni za ile saa moja na nusu ya kutafuta," Maren alisema, na machozi yakamtoka.

"Nusu yake ni yangu," baba yake alijibu. "Kuizima taa nilikufundisha mimi. Kupaka udongo ulijifundisha mwenyewe. Usukani utaupata tena msimu ujao."

Bibi alimpa leso.

"Nilikwenda Denver tupate haki ya kufungua mashine yetu, mjukuu wangu, na tumeipata. Lakini mashine haijui kinu kiko wapi. Aliyejua ni wewe. Hakuna sheria itakayofungua kinywa chako. Hicho utakifungua mwenyewe, na ukifungue siku ile ile ya Jumanne, si Alhamisi."