Gari Lisilopimwa Mlimani

Ndugu zangu wa Bujumbura, ninyi mnaogeuza shingo kila gari jipya linapopita, kaeni kidogo niwaeleze habari ya nyumba moja ya Mutanga Nord. Sitaisimulia kwa upole. Upole tumeutumia miaka mingi na haukutusaidia kitu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, mwaka 1997, mwaka wa pili wa vikwazo, wakati petroli ilipouzwa kwa chupa kama mafuta ya mawese. Hata hivyo, siku ile uani kwa Caritas palikuwa na utulivu. Alikaa kwenye mkeka akichambua maharage, na binti yake Orlane akamsomea barua iliyotoka Muramvya, huko milimani. Kufikia mstari wa tatu, Caritas aliacha kuchambua.

Bibi Léocadie, mama mkwe wake, alikuwa na uvimbe tumboni, nao ulikuwa umekua. Daktari wa upasuaji aliyebaki mjini alikuwa mmoja, naye alimpa siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na tisa. Aliyekosa siku yake alirudi mwisho wa foleni, na foleni ile wengine hawakufika mbele yake wakiwa hai.

Mume wake, Hugues, mkuu wa ghala la sabuni kwenye viwanda vya Zone Industrielle, aliichukua barua akaisoma mwenyewe.

"Mama yangu hatapanda basi kama gunia," alisema. "Tunanunua gari, Mama Orlane. Minaenda kumuchukua mwenyewe."

Caritas alifurahi. Akiba ilikuwa yao wote wawili, na hakuona kazi bora zaidi ya kuitumia. Kumbe hakukumbuka ile picha iliyokuwa ukutani chumbani, ya gari la mashindano, jekundu, ambayo Hugues aliikata kwenye gazeti la Kifaransa akiwa kijana na kuhama nayo nyumba tatu.

Wiki ile mgeni mmoja wa Ulaya alikuwa akifunga mizigo yake kuondoka nchini, na alikuwa akiuza magari mawili, yote ya mbio. Moja lilikuwa jeupe, la Kijapani, lisilo na jina kubwa, hata rangi imefifia kwenye mlango. La pili lilikuwa jekundu, na puani lilibeba nembo ya tai wa fedha aliyekunjua mabawa. Tai yule alijulikana hata na watoto wa shule, ambao walimchora kwenye madaftari yao.

Caritas hakuwa mjinga. Alimleta Twalibu, fundi wa Buyenzi, mtu ambaye hakuwahi kumsifia mteja gari ili apate bia. Twalibu alikuwa na kipimo kimoja tu. Aliwaingiza watu wanne garini, akalipandisha mlima wa Kiriri bila kupumzika, kisha akaweka mkono juu ya boneti. Mjini walikicheka kipimo hicho, lakini kila aliyekuwa na gari zima alikuwa amekipitia.

Lile jeupe lilipanda na kurudi, sindano ya joto haikusogea.

"Hii ni gari," Twalibu alisema akifuta mikono. "Sura yake mbaya, lakini moteri iko kama ya jana. Sasa munipe ufunguo ya ile nyekundu."

Hugues hakuutoa ufunguo.

"Twalibu, ile nyekundu inajulikana dunia nzima. We unataka kuipima na nini? Na mulima ya Kiriri?"

"Mulima hausomake jina, patron."

"Apana. Nembo kama hii hawaipimake na watu wane kama camionnette ya mizigo. Ni kuitukana."

"Baba Orlane," Caritas alisema taratibu, "tunatafuta gari ya kumuleta mama. Acha ipande tu. Kama ni muzuri, itapanda."

"We unajua nini ya magari?"

"Sijui kitu. Ndiyo maana nimeleta mutu anajua."

Twalibu aliinama, akanusa chini ya gari jekundu, akakunja uso. "Ambreyaji, ile klachi, imechoka. Na radiateri ya maji wameiziba na gundi. Mi nimesema mbele ya muke yako. Usiseme sikusema."

Hebu niwaulize, ndugu zangu. Mtu anaambiwa hivyo, na masikio anayo, na mama yake amelala Muramvya akishika tumbo. Angefanya nini? Hugues alilinunua jekundu jioni ileile. Lile jeupe alilichukua Gélase, mwalimu wa hesabu, jirani yao wa nyumba ya tatu.

Na hapa siwezi kuwasamehe marafiki. Mnajua desturi yetu kwamba kitu kipya lazima kinyweshewe bia. Walifika kumi na wawili, wakiongozwa na Térence, mfanyakazi mwenzake Hugues. Walilizunguka gari, wakapangusa nembo kwa mikono ya shati, wakapokezana kukaa nyuma ya usukani.

"Sasa hatukuiti tena Hugues," Térence alisema. "Tunakuita Tai. Gélase yeye amenunua kuku mweupe."

Walicheka mpaka bia ikamwagika. Gélase naye alikuwepo, akacheka kidogo, akanywa. Hakuna aliyeuliza kama gari linapanda mlima. Caritas alikuwa akibeba glasi.

"Tai wenu," aliwaambia, "akishindwa kupanda, mutamubeba?"

"Mama Orlane ana wivu na gari," Térence alijibu, nao wakacheka tena.

Alhamisi asubuhi, tarehe ishirini na nane, Hugues na Caritas walikwenda kwenye kizuizi cha barabara ya Bugarama, iendayo Muramvya. Miaka ile hakuna aliyepanda barabara ile peke yake, kwa hofu ya waasi waliovizia kwenye kona. Magari yalikusanyika, wanajeshi mbele na nyuma, yakapanda kwa msafara, na yakashuka alasiri vivyo hivyo. Sheria ilikuwa moja, na mwanajeshi aliirudia akipita dirisha kwa dirisha: gari likisimama njiani, msafara hausimami.

Alipomwona tai wa fedha, yule mwanajeshi alitabasamu, akawaonyesha wapite mbele kabisa ya foleni. Hugues alimgeukia mkewe.

"Umeona? Na ile ya Gélase iko mwisho kule."

Walipanda. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, mji ukabaki chini pamoja na ziwa. Kona ya tano Caritas alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Alitazama sindano ya joto ikipanda, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akitazama mbele kama mtu aliye kanisani. Kona ya saba mvuke ulitoka, gari likatetemeka, likasimama.

Malori yaliwapita yakipiga honi. Mabasi yakapita. Walipita wauza viazi kwenye pikapu mbovu zilizofungwa kwa kamba, na zote zilipanda. Kisha likaja jeupe. Gélase alilisimamisha, akashuka, akavuta kutoka kiti cha nyuma godoro alilokuwa akilipeleka kijijini, akalitupa mtaroni.

"Muingie wote wawili. Haraka."

Caritas aliingia. Hugues alibaki amesimama, mkono juu ya paa jekundu.

"Niache hii gari hapa? Waibomoe?"

"Hugues, ni chuma," Gélase alisema.

"Baba Orlane, ingia. Minakuomba." Caritas alimnyooshea mkono kutoka ndani.

"Nendeni mumuchukue Mama. Mi nangoja ipoe. Ile lori ya wanajeshi ya mwisho itanisaidia."

Gélase hakuweza kungoja zaidi. Lile jeupe liliung'ata mlima, na baada ya kona tatu lilikuwa limeufikia msafara. Caritas alitazama nyuma mpaka nyekundu ile ikapotea. Dakika chache baadaye, akasikia milio kutoka chini, mifupi, kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Gélase alishika usukani kwa nguvu zaidi. 

Muramvya walimkuta Bibi Léocadie kando ya barabara, juu ya mkeka, amevaa nguo yake ya kanisani. Walimlaza kiti cha mbele wakashuka na msafara wa alasiri. Kwenye kona ya saba palikuwa na gari lililoungua, jeusi lote. Damu ilikuwa barabarani, lakini mtu hakuwepo.

"Hugues yuko wapi?" mama aliuliza. "Barua aliyonijibu ilisema atakuja mwenyewe."

Caritas alimfunika mama mkwe wake kitenge. "Anatungoja mjini, mabukwe," alisema, naye hakujua kama anasema kweli.

Hugues alikuwa hospitali. Wachoma makaa walimkuta bondeni, goti limevunjwa na risasi, wakamshusha kwa machela ya miti. Ijumaa mama alipasuliwa kwa wakati wake, akapona. Siku hiyohiyo, wadi ya pili, Hugues alikatwa mguu.

Baada ya wiki moja mama aliweza kutembea. Caritas alimshika mkono, wakaenda kumwona. Hapo ndipo Hugues alipowaeleza. Lori la mwisho lilikuwa limesimama kidogo, kinyume cha sheria. Mwanajeshi alinyoosha mkono, akamwambia, "Panda." Yeye alisema, "Dakika moja tu," akachukua bisibisi, akainama kuing'oa nembo. Lori liliondoka akiwa bado na skrubu moja iliyobaki.

Alifungua kitambaa kilichokuwa chini ya mto. Tai wa fedha alikuwa mzima, anang'aa.

Bibi Léocadie alimchukua, akampima uzito kiganjani, akamgeuza nyuma ambako hapakuwa na kitu.

"Mwanangu," alisema, "hiki ndicho kilichokuja kunichukua?"

Hugues aligeuza uso ukutani.

MAFUNZO

Gari hununuliwa kwa kazi litakayofanya. Jina lililobandikwa puani halipandi mlima. Anayekataa kitu chake kipimwe tayari anajua moyoni kwamba kitashindwa, na anayempuuza fundi mkweli hujiandalia msiba kwa mikono yake. Lakini simlaumu Hugues peke yake. Nawalaumu wale kumi na wawili walioinywesha nembo bia na kumwita jirani yao kuku. Walifika hospitali mara moja tu, wakaleta machungwa, wakaondoka mapema. Ninyi mnaosoma, mtakapoalikwa kukisifu kitu kipya cha mwenzenu, wekeni glasi chini kwanza mumwulize kama kimepanda Kiriri. Akikasirika, mwacheni akasirike. Afadhali akasirike akiwa na miguu yote miwili.